IST inayochemsha Kitonga: pesa iende kwenye kulanti gani?

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1500. Siku za kazi linatoka Kimara kwenda Posta na kurudi. Sikukuu zikifika linabeba watu watano na mizigo kwenda Iringa. Safari ya mwisho lilichemsha kwenye mlima wa Kitonga, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Joto lilipita kiasi, kopo la akiba likatapika, na maji mengi yakaishia barabarani. Mjini halichemshi, ila feni haipumziki. Ndani ya rejeta kuna maji ya kisima yenye rangi ya chai, na themostati, vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, haipo: fundi aliitoa akisema nchi ya joto haiihitaji. Sasa mwenye gari ameshauriwa anunue kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) maalumu isiyo na maji hata tone, ile inayosifiwa kwamba haichemki hadi nyuzi 180 za Selsiasi. Bei yake ni mara kadhaa ya kulanti ya kawaida. Anauliza kama inafaa kwa gari la kila siku.

Haifai. Lakini kuendelea na maji ya kisima ni vibaya zaidi. Sababu za majibu hayo mawili zikieleweka, mwenye gari atajua pesa yake ianzie wapi.

Pwani watu wengi huona kulanti kama kitu cha nchi za barafu. Ni kweli glikoli, kimiminika ambacho ndicho msingi wa kulanti, inazuia maji kuganda, na kwetu hilo halina maana. Zinabaki kazi mbili: kupandisha kiwango cha kuchemka na kubeba dawa za kuzuia kutu. Ya pili ndiyo kubwa. Bloku na silinda hedi za 1NZ-FE ni za aluminiamu, rejeta ni aluminiamu yenye matanki ya plastiki, kuna mabomba ya chuma, na pampu ya maji ina sili inayotaka kimiminika safi. Metali tofauti zikilowa pamoja kwenye maji yenye chumvi, moja huanza kuliwa. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo hutoboa aluminiamu vishimo vidogo hadi rejeta ianze kuvuja. Chokaa ya maji hayo hugandamana kwenye kuta za njia za maji, hasa sehemu zenye joto kali, na tabaka jembamba tu linatosha kuzuia joto kutoka. Rangi ya chai ni kutu ya chuma. Utando wa kijivu au mweupe kwenye shingo ya rejeta ni aluminiamu na chokaa. Gari hili lina vyote viwili.

Tuje kwenye hiyo kulanti isiyo na maji. Ni glikoli tupu yenye dawa za kutu, na ahadi ya nyuzi 180 si uongo. Wauzaji wake wana hoja za kweli. Bila maji, kutu karibu haipo. Mvuke haujikusanyi kuzunguka vyumba vya moto na njia za moshi, mahali ambapo maji huweza kuchemka kwa sehemu hata kama kipimo kinasoma kawaida. Mfumo pia haujengi presha kubwa, hivyo mipira na matanki ya plastiki hupumua.

Tatizo ni kwamba maji ndiyo yanayobeba joto vizuri kuliko vyote hivi. Tuchukue mfano: injini ikipanda mlima inapeleka kilowati 30 za joto kwenye maji, na pampu inazungusha lita 60 kwa dakika, yaani lita moja kila sekunde. Maji matupu yakipita kwenye injini yatapanda joto kwa takriban nyuzi 7. Mchanganyiko wa nusu maji nusu glikoli utapanda kwa takriban nyuzi 8. Glikoli tupu itapanda kwa takriban nyuzi 10. Na hapo tumeipendelea, kwa sababu hata ikiwa moto ni nzito kuliko maji, hivyo pampu ileile itasukuma kidogo zaidi. Tena uwezo wake wa kupitisha joto ni kidogo zaidi ya thuluthi moja ya ule wa maji. Matokeo yake ni kwamba kulanti haichemki, lakini chuma chenyewe kinafanya kazi kikiwa cha moto zaidi kuliko kwenye mchanganyiko wa kawaida.

Halafu kuna hesabu ya mfuniko. Mfuniko wa rejeta wenye namba 1.1 huruhusu presha ya kilopaskali 108 hivi juu ya ile ya hewa ya nje. Kwa presha hiyo, usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 121 hivi, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwenye nyuzi 129. Injini hii hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95. Ikifika 125 tayari iko taabani: mafuta yamekuwa mepesi, silinda hedi inaanza kupinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inateseka. Kulanti inayosubiri 180 ndipo ichemke haikuongezei hata digrii moja ya usalama wa aluminiamu. Inachokuondolea ni ishara. Mvuke unaotoka kwenye boneti ni kero, lakini umeokoa injini nyingi kwa kumlazimisha dereva asimame. Kwenye kulanti isiyo na maji dereva asiyetazama kipimo anaweza kuendelea hadi injini igome.

Fikiria pia mpira ukipasuka Mikumi saa mbili usiku. Mwenye mchanganyiko wa kawaida atafunga mpira, ataongeza maji safi yoyote atakayopata, atafika Morogoro. Mwenye kulanti isiyo na maji naye anaweza kuongeza maji, injini haitakufa kwa hilo, lakini ameshaharibu alichokilipia. Watengenezaji wa bidhaa hizo hutaka maji yaliyobaki kwenye mfumo yasizidi asilimia chache, kwa hiyo atalazimika kumwaga yote, kusafisha kwa kimiminika maalumu cha kukausha mfumo, na kununua upya. Kusafisha huko hakukwepeki hata mara ya kwanza: lita moja na zaidi ya maji hubaki ndani ya bloku na hita hata ukifungua koki ya rejeta. Fundi atakayemwaga glikoli hiyo juu ya masalia hayo amekutengenezea mchanganyiko wa kawaida kwa bei ya ajabu.

Kuna magari ambayo kimiminika maalumu kinayastahili. Gari la kale lenye mfumo usio na presha, linaloegeshwa miezi, linafaidika kweli na kulanti isiyo na maji. Gari la mbio hutumia maji yenye dawa ya kupunguza mvutano wa uso wa maji, kwa kuwa viwanja vingi vya mbio vinakataza glikoli: ikimwagika barabara inateleza. Malori ya dizeli yenye silinda slivu (mikebe ambayo pistoni hupanda na kushuka ndani yake) zinazoguswa na maji moja kwa moja yanahitaji kulanti yenye nitriti au kinga inayolingana nayo, kwa sababu mtetemo wa slivu hutengeneza viputo vinavyopasuka na kuchimba chuma hadi maji yaingie kwenye mafuta. Mwenye lori asidharau hilo. Kwa mwenye Volkswagen au Audi, kulanti yenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu, kama G12++ au G13, si anasa, ndiyo inayotakiwa. IST yetu haimo kwenye kundi lolote kati ya haya.

Sasa gari lenyewe. Kabla ya kununua kimiminika chochote, angalia kwa nini lilichemsha mlimani. Gari linalochemsha foleni tu na kupoa likikimbia huwa na shida ya feni au upepo. Linalochemsha likibeba mzigo mlimani huwa halipati mzunguko wa kutosha au rejeta haitoi joto. Hili ni la aina ya pili, na uchunguzi ulikuta mambo matatu.

La kwanza ni mfuniko. Mpira wake ulikuwa mgumu na umepasuka, hivyo haukushika presha. Bila presha maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo kiwango kinavyoshuka: mahali penye mita 1,700, kama Mbeya au Nairobi, maji wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Hiyo ni ndani ya joto la kawaida la injini. Kwa hiyo gari hili lilikuwa na haki ya kuchemsha hata bila kosa jingine. Mfuniko ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nunua wenye namba ileile iliyokuwa kwenye ule wa asili. Usipandishe ukidhani presha kubwa ni bora, maana kitakachopasuka ni tanki la plastiki la rejeta.

La pili ni rejeta. Nje, kati yake na kondensa, ile rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele yake, palijaa vumbi na wadudu ambao huwaoni ukisimama mbele ya gari. Hao huoshwa kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari italaza mapezi ya rejeta na kuziba njia ya hewa moja kwa moja. Ndani, baadhi ya njia zilikuwa zimeziba. Namna rahisi ya kujua: injini ikiwa imepata moto kisha imezimwa na feni imesimama, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kugusa, au tumia kipimajoto cha mwanga. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake haipitishi maji. Ikizidi robo ya uso, badilisha rejeta. Kusafisha hakutarudisha njia zilizoziba kwa chokaa ngumu.

La tatu ni themostati iliyotolewa, na hapa mafundi wengi wanawapoteza wateja. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikitolewa, injini hutembea ya baridi barabara ikiwa tambarare, kompyuta huendelea kuongeza petroli ikidhani gari halijapata moto, na mafuta ya injini hayapati joto la kukausha unyevu. Gari linakunywa zaidi, injini inachakaa, na mlimani hakuna faida, kwa sababu themostati nzima iliyofunguka haizuii kitu cha maana. Rudisha mpya. Ipime kwanza: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, uone inapoanza kufunguka, na ikifika karibu 95 iwe imefunguka kabisa. Ukiifunga, kale kavali kadogo ka kutolea hewa kawe juu. Mpira wake wa kuzibia uwe mpya.

Feni ilikuwa nzima. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, inatakiwa izunguke. Pampu haikuwa na tone chini ya kijitundu chake wala mchezo kwenye puli. Ingekuwa inavuja, ingebadilishwa kabla ya kulanti mpya, si baada.

Baada ya hapo ndipo usafi. Injini iwe baridi kabisa, mfuniko usifunguliwe ukiwa wa moto. Fungua koki ya rejeta na ile ya bloku, mwaga kwenye beseni. Funga, jaza maji safi, weka hita kwenye moto wa juu kabisa ili maji yapite huko pia, acha injini ipate moto hadi mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, zima, ngoja ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe. Kwa gari lililokaa na kutu namna hii, tegemea mara nne au zaidi, na mara mojawapo tumia dawa ya kusafishia rejeta iliyoandikwa wazi kwamba inafaa aluminiamu. Usitumie magadi wala dawa za kuzibulia mabomba, zinakula aluminiamu. Sabuni ya unga nayo huacha povu ambalo litakusumbua wiki nzima. Mzunguko wa mwisho uwe wa maji yaliyochujwa chumvi, kwa sababu ndiyo yatakayobaki ndani.

Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri, na ni lazima uwe makini dukani: unataka maji baridi, si maji makali. Maji makali ni asidi. Soma lebo, na kama haisomeki, acha.

Kulanti inayofaa hapa ni ya glikoli ya ethilini yenye asidi za kikaboni na fosfeti, isiyo na silikati, aina ambayo Toyota imeitumia kwa miaka mingi. Nyekundu ya kampuni hiyo, Long Life Coolant, huuzwa ikiwa nzito ya kuchanganya, na muda wake ni kilomita 40,000 au miaka 2. Ya waridi, Super Long Life, huja imeshachanganywa nusu kwa nusu. Kwa magari ya soko la Marekani kiwanda kinatoa kilomita 160,000 au miaka 10 kwa ile ya mwanzo kutoka kiwandani, halafu 80,000 au miaka 5 kwa kila inayofuata. Kampuni nyingine zinazotengeneza aina hiyohiyo nazo ni sawa kabisa. Rangi isikuongoze: ni rangi tu, hakuna sheria inayozilazimisha kampuni zikubaliane. Soma maandishi.

Fosfeti ndiyo sababu tunasisitiza maji yasiyo na chumvi. Ikikutana na kalsiamu ya maji magumu hutengeneza unga unaotua chini na kuziba njia zilezile ulizozisafisha. Mtu anayenunua kulanti nzuri ya Kijapani kisha akaichanganya na maji ya kisima cha Dar amepoteza dawa na ameongeza uchafu kwa pamoja.

Kwa gari hili tunachagua nzito, si iliyochanganywa, na sababu ni ile lita iliyobaki ndani. Mfumo mzima unachukua karibu lita 5. Koki ya bloku isipofunguliwa, lita 1.5 za maji zinaweza kubaki, na nafasi ya kujaza ni lita 3.5 tu. Ukijaza iliyochanganywa nusu kwa nusu, utaishia na glikoli asilimia 35. Ukianza na lita 2.5 za nzito, kisha ukamalizia kwa maji yasiyo na chumvi, unapata nusu kwa nusu kamili. Kati ya asilimia 40 na 50 ndipo pazuri kwetu. Chini ya 30 dawa za kutu huwa chache. Juu ya 60 unarudi kwenye udhaifu wa glikoli tupu, na wapo wanaomimina nzito peke yake wakiamini wanaitendea injini hisani.

Jaza polepole mfuniko ukiwa wazi, hita kwenye moto, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo. Binya mpira wa juu kwa mkono ili hewa itoke. Acha injini iendeshwe hadi feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza kila kiwango kinaposhuka. Hita ikitoa upepo wa baridi wakati injini ina moto, hewa bado imo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia tena rejeta na kopo. Karibu kila mara patahitajika nyongeza kidogo.

Kulanti bandia zipo, nyingine ni maji yenye rangi tu. Kipimo cha kioo cha kusomea asilimia ya glikoli si ghali na kila gereji ingepaswa kuwa nacho. Nyumbani, weka vijiko vichache vya mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwenye kichupa chenye kifuniko, kiandike, kifungie ndani ya mfuko, kiweke kwenye friza usiku mmoja. Friza za nyumbani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa kweli hugandia karibu 37 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi utaukuta kimiminika. Ukigeuka barafu, umeuziwa maji. Jaribio hilo linathibitisha glikoli tu, halisemi kitu kuhusu dawa za kutu, ndiyo maana bado unahitaji muuzaji unayemwamini. Kichupa kitupwe baadaye, kisirudi jikoni: glikoli ya ethilini ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto, mbwa na paka. Ile chafu iliyomwagwa isiende mtaroni wala iachwe kwenye beseni wazi uani.

Kwa kuwa mfumo ulikuwa na kutu, kulanti hii ya kwanza itatumia dawa zake haraka kusafisha masalia. Imwage baada ya mwaka mmoja hata kama rangi bado inapendeza, kisha fuata muda wa kwenye lebo. Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, husaidia katikati: ikishuka chini ya 7, haikingi tena.

Pesa, kwa mpangilio wetu, inakwenda hivi: mfuniko, themostati na mpira wake, mipira iliyovimba au kulainika, rejeta ikibidi, dawa ya kusafishia, maji yasiyo na chumvi, na mwisho lita 2.5 za kulanti nzito ya kawaida. Dawa za kuziba rejeta zisiingie, zinaziba na hita. Toa rejeta kwenye hesabu hiyo, na yote yanayobaki kwa kawaida hayafiki bei ya kulanti isiyo na maji ya kujaza gari hili pamoja na kimiminika chake cha kukaushia.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kulanti inayolitibu. Gari lililochemsha mlimani huenda limeumiza gasketi ya silinda hedi. Dalili ni kiwango kinachoshuka bila tone kuonekana chini, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, au viputo visivyokwisha kwenye shingo ya rejeta hata baada ya hewa kutolewa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza kiwango kiangaliwe kila asubuhi injini ikiwa baridi. Kikishuka, fundi apime gesi ya moshi kwenye shingo ya rejeta kwa kile kimiminika cha buluu kinachogeuka njano, na gari lisiende Iringa kabla jibu halijapatikana.